Askari Kanzu na Lugha Anayoielewa Mshukiwa

Kiswahili kilimpa polisi asiyevaa sare jina mwafaka: askari kanzu. Vazi la raia limo ndani ya jina lenyewe, ijapokuwa siku hizi kanzu imegeuka jaketi na kofia, na wakati mwingine kitambaa kinachoacha macho tu. Swali ninalokusudia kulidadisi ni hili: askari huyo akiwa hana sare, raia atamtofautishaje na jambazi? Maoni yangu ni kwamba atamtofautisha kwa maneno yake. Na penye maneno, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna la kusema.

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 humtaka askari aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya kazi mahali panapoonekana wazi. Askari kanzu hana alama hiyo. Alichobaki nacho ni kitambulisho chake cha kazi na ulimi wake. Hapo ndipo Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinapopata uzito. Anayekamatwa ana haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili na wengine ambao msaada wao unahitajika, na hawezi kushurutishwa kukiri kosa. Sharti afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zitaishia wakati mahakama imefungwa. Kifungu hicho hakibagui kati ya sare na kanzu.

Mwaka jana mwenzangu mmoja alishikwa ukosi wa shati kwenye kituo cha matatu na wanaume wawili waliovalia kiraia. Walimwambia, "Twende, utajua mbele." Hebu tuichanganue kauli hiyo kama tufanyavyo darasani. Ina amri, na ina ahadi ya giza. Haina mtenda, haina kosa, haina mahali. Mwenzangu aliuliza kwa sauti ya juu: "Nyinyi ni nani? Mnanipeleka kituo gani? Kwa kosa lipi?" Mmoja alicheka akamwambia aache Kiswahili kingi. Hata hivyo, watu walianza kukusanyika, na kitambulisho kikatolewa mfukoni. Alilala korokoroni usiku mmoja, akaachiliwa bila shtaka. Jambo la kushukuru ni kwamba walioshuhudia walijua alikopelekwa, nao wakawapigia simu jamaa zake.

Sisemi kwamba ukachero ni haramu. Mwizi wa kutumia silaha hanaswi kwa kupigiwa parapanda, na sheria humruhusu polisi kumkamata mtu bila hati akiwa na sababu za kutosha za kumshuku. Wala simshauri yeyote apigane, kwa maana anayepinga kukamatwa hujifungulia mlango wa nguvu kutumika dhidi yake. Ninachosema ni kwamba mikono itulie, ulimi usitulie.

Tangu Juni 2024 suala hili limekuwa la kufa na kupona. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeorodhesha visa 82 vya watu waliotoweshwa, wengi wao vijana wa rika letu. Katika mijadala ya wakati huo, wengine walisema "walikamatwa", wengine "walitekwa nyara", kana kwamba vitenzi hivi ni visawe. Si visawe hata kidogo. Tofauti yake ya kisemantiki ni Kifungu cha 49. Anayekuchukua bila kujitambulisha, bila kutaja kosa na bila kukufikisha kwa hakimu hajakukamata, hata kama analipwa mshahara na serikali.

Inasikitisha kwamba fasihi yetu ilitangulia kutufunza haya nasi tukayageuza maswali ya mtihani. Abdilatif Abdalla alikamatwa mwaka 1968 kwa sababu ya kijikaratasi, na Sauti ya Dhiki ikatoka mwaka 1973. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982 bila kushtakiwa, nasi tukapata Chembe cha Moyo. Tunazichambua jazanda za diwani hizo hadi usiku wa manane. Lakini mwulize aliyepata alama ya A akutajie haki tatu za mtu aliyekamatwa. Nimewauliza wanane. Mmoja aliweza, na huyo ana dada wakili.

Katiba imetafsiriwa kwa Kiswahili, ila lugha yake ni nzito kwa mtu aliyeshikwa ukosi. Kazi ya kuipunguza iwe sentensi sita fupi zinazotamkika kwa pumzi moja ni yetu, kisha wenzetu wanaojua Kiturkana, Kiborana na lugha nyinginezo wazihamishe huko, maana "lugha anayoielewa" si Kiswahili kwa kila Mkenya. Rasimu ninayo. Sentensi ya tano, inayohusu matokeo ya kutonyamaza, imenishinda kuifupisha. Nitaileta kwenye kikao kijacho cha chama.