Nyumba ya Binti: Siku Moja Katika Vijiji vya Mlimani Ngazija

  

Safu yetu wiki hii inavuka bahari kidogo, ingawa haiendi kwa watu wageni. Tulijaaliwa kuzuru Ngazija, na katika ziara hiyo tulitenga siku moja kamili ya kupanda vijiji vya mlimani. Tuliyoyaona huko yanagusa jambo linaloumiza nyumba nyingi za mwambao wetu, nalo ni haki ya binti katika mali ya wazazi wake.

Komoro ni nchi ndogo sana. Visiwa vyake vitatu, Ngazija, Nzuwani na Mwali, vyote kwa pamoja havifiki kilomita za mraba 2,000. Kaunti yetu ya Kwale pekee huizidi nchi hiyo zaidi ya mara nne. Ilipata uhuru kutoka kwa Wafaransa mwaka 1975, na kisiwa cha nne, Maore, kikabaki mikononi mwa Ufaransa hadi leo. Hata hivyo, udogo wa ardhi haukuwa udogo wa elimu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mashuhuri wa Unguja, alizaliwa Ngazija. Habib Swaleh Jamalilleil, aliyeasisi Riyadha ya Lamu, naye asili yake ni huko huko. Kwa hivyo anayesoma maulidi Lamu ana deni la shukrani kwa visiwa hivyo, ajue asijue.

Tulikodi gari la peke yetu kwa siku nzima, na mwenye gari akawa ndiye dereva na mwenyeji wetu. Tuliondoka Moroni baada ya sala ya Alfajiri. Ahli yetu alifuatana nasi, na hilo lilikuwa na faida kubwa, kwani mengi ya nyumba za watu hayamfikii mwanamume aliyeketi barazani.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Mvuni, kijiji kilichoketi juu ya Moroni, ambapo wengi huanzia safari ya kuupanda mlima Karthala. Mlima huu una urefu wa mita 2,361, na ni mlima wa moto ulio hai. Barabara inapopanda, minazi hupungua na migomba na mishelisheli huzidi, na kuta za mashamba ni za mawe meusi yaliyotoka tumboni mwa mlima wenyewe. Mawe hayo yana jambo la ajabu: hayazuii maji. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini maji huzama yote, na kisiwa kizima hakina mto unaotiririka mwaka mzima. Ndiyo maana utaona nyumba zina birika la kukingia maji ya mvua kutoka paani. Mlima ulipotoa majivu mwaka 2005, majivu yale yaliingia katika mabirika na kuwaharibia watu maji yao ya kunywa.

Watoto wa kijiji walitupokea kwa adabu iliyotufurahisha. Mtoto husema "kwezi", na mkubwa humjibu "mbona", kama vile kwetu shikamoo na marahaba. Na hilo neno marahaba pia lipo kwao, ila maana yake ni ahsante. Basi tulipokuwa tukikaribishwa, marahaba zilikuwa nyingi, kila mmoja na maana yake.

Tulikaribishwa katika nyumba ya bi mkubwa mmoja aliyejipaka usoni msindzano, ambao kina mama wetu wataujua mara moja kuwa ni liwa. Tuliandaliwa mataba, yaani kisamvu cha nazi, pamoja na ndizi na samaki. Baada ya chakula tukamuuliza jambo lililokuwa likitushangaza tangu tuingie kijijini: kwa nini nyumba nyingi zina vyuma vimechomoza juu ya paa, kana kwamba ujenzi umeachwa katikati?

Akacheka. Akasema, "Sheikh, haukuachwa. Chini ni pangu. Juu ni pa binti yangu mkubwa. Na vyuma vile vinamngoja mdogo wake."

Hapo ndipo tulipoielewa vyema habari ambayo tulikuwa tukiisikia juujuu. Ngazija, msichana anapozaliwa, wazazi na wajomba zake huanza kufikiria nyumba yake. Fedha hupatikana shambani, dukani, au hutumwa na jamaa walioko Ufaransa, na mji wa Marseille una Wangazija wengi. Binti anapoolewa, mume ndiye anayehamia kwa mke. Tena ipo ardhi ya ukoo iitwayo manyahuli, ambayo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kizazi baada ya kizazi. Mtu mmoja hawezi kuiuza. Ndugu wa kiume huisimamia na hunufaika nayo, lakini njia ya kurithishana ni ya upande wa kike.

Ahli yetu, aliyeketi ndani na wanawake, alimuuliza bi mkubwa swali ambalo sisi tusingelithubutu kuliuliza: je, ikitokea talaka? Jibu lilikuwa fupi. "Mume huchukua mkoba wake."

Wasomaji wetu, neno hilo lilitukaa moyoni kwa sababu katika kazi yetu ya kusuluhisha wanandoa tumezoea picha iliyo kinyume. Kwetu ni mke anayebeba mfuko, tena mara nyingine usiku, na watoto wakimfuata nyuma. Hurejea kwa wazazi, na kama wazazi wamekufa hurejea kwa kaka, na akifika kwa kaka hukuta chumba chake kimekuwa cha wifi. Na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika aya ya kwanza ya Suratut Talaq amekataza wanawake walio katika eda wasitolewe majumbani mwao, isipokuwa watende uchafu ulio wazi. Zingatieni kwamba nyumba zimenasibishwa nao, ingawa mwenye mali huenda ni mume. Hayo ni makazi ya eda tu. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoyatekeleza hata hayo?

Baada ya hapo tulishuka, tukaifuata barabara ya kusini mpaka Singani, kijiji kilicho ubavuni mwa Karthala katika upande wa magharibi. Mwezi wa Aprili mwaka 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na moto ulioyeyuka ukateremka hadi kijijini ukafukia nyumba. Watu walihamishwa. Leo kijiji kipo. Nyumba zimejengwa tena, na watoto wanakwenda chuoni kusoma Qurani. Tulisali Adhuhuri hapo, kisha tukaketi na wazee bangweni, yaani kwenye uwanja wa kijiji ambako wanaume hukutana.

Tukamuuliza mmoja wao, mwalimu wa chuo aliyepita umri wa kusomesha, kuhusu manyahuli na sheria ya mirathi. Hakukasirika. Alisema kwamba swali hilo ni la zamani, na kwamba babu zao walikuwa Mashafii kabla hatujazaliwa. Kisha akaongeza, "Lakini nyinyi mnaouliza hapa kwa nini wavulana hawapewi, kwenu wasichana wanapewa?"

Swali hilo tunalileta kwenu, kwa kuwa halikuwa letu peke yetu.

Tuanze na hukumu, ili asidhani mtu kwamba tunaibadilisha dini kwa sababu ya ukarimu wa wenyeji. Mirathi ni fungu lililokatwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Aya ya saba ya Suratun Nisaa imewathibitishia wanaume fungu lao na wanawake fungu lao katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kichache au kingi, na aya ya kumi na moja imefafanua viwango. Mali ya maiti ikiwa ni miliki yake, haijuzu mila yoyote kumnyima mwana wa kiume fungu lake, kama isivyojuzu kumnyima binti. Mila ya Ngazija ikipimwa kama mirathi, ina hitilafu. Na mila yetu ya mwambao ya kuwaachia kaka nyumba ya marehemu huku dada wakiambiwa "nyinyi mna waume zenu", ikipimwa kwa mizani ile ile, ina hitilafu kubwa zaidi, kwa sababu anayedhulumiwa hapa ni yule aliye mnyonge.

Tena tuseme wazi kuhusu huku kusamehe tunakokusikia kila mara. Familia hukutana baada ya arubaini, na dada huulizwa mbele ya wajomba na ami zake kama amesamehe. Atasema nini? Ameinamisha kichwa, machozi ya mzazi hayajakauka, na akidai ataitwa mwenye tamaa. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamefundisha kwamba mali iliyochukuliwa kwa kumtia mtu haya hukumu yake ni kama iliyonyang'anywa kwa nguvu. Basi atakayekula sehemu ya dada yake kwa ukimya wa aina hiyo, asijidanganye kuwa amekula halali. Kwanza dada akabidhiwe haki yake mkononi. Kisha akitaka kumpa kaka yake kwa moyo mkunjufu, hiyo ni hisani yake.

Lipo, hata hivyo, jema la kujifunza kutoka kwa wale watu wa mlimani, nalo halimo katika mirathi bali limo katika uhai. Wao hawangoji mzazi afe ndipo wafikirie binti atalala wapi. Sheria yetu imeufungua mlango huo kupitia hiba, yaani zawadi anayoitoa mtu akiwa hai na mwenye akili timamu. Yapo pia mambo ya wakfu kwa kizazi cha mtu, ambayo yanahitaji kutafutiwa ushauri wa mwenye elimu. Lakini hiba ina masharti, na hapa ndipo familia nyingi hukwama.

Sharti kubwa ni kukabidhi. Baba akisema harusini, "Nyumba ile ya nyuma ni ya Fatuma," kisha akaendelea kuipangisha na kupokea kodi mpaka anakufa, hiyo ni ahadi tu, na nyumba itaingia katika mirathi. Anayetaka kumpa bintiye na ampe kweli: aseme mbele ya mashahidi, binti akubali, apewe funguo, aachiwe nyumba, na hati ya umiliki ibadilishwe jina. Wala asitegemee wasia, kwa sababu wasia kwa mrithi haupiti ila kwa ridhaa ya warithi wengine.

Jambo la pili ni uadilifu. Sahaba Bashir alipompa zawadi mwanawe Nuuman na kutaka Mtume (S.A.W.) awe shahidi, aliulizwa kama wanawe wote amewapa vivyo hivyo, aliposema hapana, Mtume hakukubali kushuhudia, akamuamuru kumcha Mungu na kuwafanyia watoto uadilifu. Kwa hiyo mzazi anayemjengea binti asiwasahau wavulana. Kwa Mashafii, kumpendelea mtoto mmoja bila haja ni makuruhu, na haja ikiwepo, kama maradhi au udhaifu wa kipato, jambo huwa jepesi. Mzazi na azungumze na watoto wake wote akiwa hai, kwani chuki nyingi za ndugu huzaliwa na siri za wazazi.

Wala tusiisifu mila ya wenzetu bila kuipima. Harusi kubwa ya Ngazija, wanayoiita anda, ina gharama zinazowachosha watu miaka mingi, kwa dhahabu na karamu, na wenyewe wanalijadili. Israfu ni israfu, iwe Moroni au Mombasa. Laiti tungechukua kwao ile nyumba ya binti na kuwaachia zile karamu! Maana sisi nasi tuna harusi za siku tatu na kumbi za kukodi, na bibi harusi anatoka humo hana hata chumba kimoja chenye jina lake.

Kwa kina mama tuna neno la mwisho. Mwulizeni mume wenu, kwa upole na kwa wakati mzuri, kuhusu hati ziko wapi na zina jina la nani. Wafundisheni binti zenu hesabu ya mafungu yao kama mnavyowafundisha kupika. Na penye mzozo wa mirathi, Mahakama ya Kadhi ipo kwa Waislamu, na katiba yetu ya mwaka 2010 imeitambua katika kifungu cha 170. Kumpeleka kaka kwa kadhi si kukata udugu. Aliyeukata ni yule aliyeizuia haki.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwapa wenye haki haki zao tungali hai, awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awahifadhi ndugu zetu wa visiwa vile vya mlima wa moto. Wabillahi taufiq.