Nunua kioo kwanza, akili itafuata

Katika maduka ya vifaa vya umeme mjini Kamina, nchini Kongo, televisheni siku hizi huuzwa kwa sifa moja. "Papa, hii ni smart. Iko na YouTube, iko na Netflix." Muuzaji huwasha hotspoti ya simu yake, akaiunganisha, na baada ya dakika chache kioo chote kimejaa picha za filamu. Papa ameshashawishika kabla hajaigeuza televisheni kuangalia mgongoni. Huko mgongoni ndiko kuliko na mambo yanayomhusu zaidi: matundu ya HDMI ni mangapi, la USB lipo au halipo, na inakula wati ngapi.

Familia ya Kamina inayoweka akiba ya kununua televisheni ingefanya vizuri kuitumia fedha hiyo kwa kioo kizuri na kikubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, bila kuongeza hata dola moja kwa ajili ya programu zilizomo ndani. Akili ya televisheni ni kitu cha kununuliwa kando, kisanduku kidogo cha kuchomeka, tena kinunuliwe siku ambayo intaneti na umeme wa nyumbani vitakuwa na uwezo wa kukilisha.

Sababu ya kwanza ni umri. Kioo cha LED kilichokingwa dhidi ya umeme unaopanda na kushuka kinaweza kufanya kazi miaka kumi. Programu zake hazifiki huko. Mwaka 2015 YouTube ilifunga mfumo wake wa zamani, na televisheni nyingi zilizotengenezwa 2012 na kabla ya hapo zikapoteza programu hiyo zikiwa bado zinaonyesha picha safi kabisa. Desemba 2019 ikawa zamu ya Netflix: nchini Marekani na Kanada, baadhi ya televisheni za Samsung za 2010 na 2011 ziliacha kuifungua. Wenyewe hawakuharibu chochote. Waliamka asubuhi wakakuta programu haifunguki tena.

Kamina inaguswa na habari hiyo kuliko miji mingi, kwa sababu televisheni zake nyingi hufika zikiwa zimeshaishi maisha mengine. Tangu reli ya kutoka Bukama kwenda Ilebo ikamilike mwaka 1928, bidhaa za mji huu zimekuwa zikipanda treni kutoka Lubumbashi kupitia Likasi na Tenke, na siku hizi malori nayo yanabeba sehemu yake. Ndani ya mizigo hiyo kuna televisheni za mtumba kutoka Ulaya na Dubai. Anayenunua moja iliyoandikwa "Smart" ubavuni huenda analipia programu zilizokufa zamani huko zilikotoka. Kioo chake, hata hivyo, kinaweza kuwa kizuri kuliko cha televisheni mpya ya bei rahisi, na hapo ndipo kisanduku cha kando kinapolipa: kinachomekwa kwenye HDMI, na televisheni ya 2011 inaonyesha YouTube ya leo.

Visanduku navyo hufa. Tarehe 9 Machi 2025, vifaa vya Chromecast vya kizazi cha pili viligoma duniani kote kwa sababu cheti chake cha ndani kilikuwa kimeisha muda. Google ilivirekebisha siku chache baadaye, lakini ilikuwa imeshaacha kutengeneza Chromecast tangu 2024. Tofauti iko kwenye hasara. Chromecast ya kwanza, ya mwaka 2013, iliuzwa dola 35. Ikifa, kioo kinabaki ukutani na watoto wanaendelea kutazama dekoda.

Halafu kuna umeme. Huko ni kwenye kidonda. Laini kuu ya Inga hadi Kolwezi, iliyokamilika mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na ilijengwa kupeleka umeme migodini. Vijiji vingi inavyopita juu yake viko gizani hadi leo. Kamina yenyewe ina historia ya kituo cha umeme wa maji cha Kilubi, cha enzi za Wabelgiji, lakini mkazi wa mjini hahitaji kuambiwa na mtu kwamba SNEL, shirika la umeme, haifiki kila nyumba, wala haikai pale inapofika. Kwa hiyo televisheni nyingi zinaishi kwa sola na betri, na kwenye betri kila wati ina bei. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula takriban wati 30 hadi 50. Ya inchi 55 inaweza kupita 100. Kisanduku cha kuchomeka hula wati chache tu, na vingine hunywa kutoka kwenye tundu la USB la televisheni yenyewe. Kinachomaliza betri, basi, ni ukubwa wa kioo na mwangaza wake. Atakayepunguza mwangaza kidogo kwenye menyu atapata muda wa kumalizia filamu.

Umeme ukikatika mara tatu kwa jioni moja, televisheni janja pia inachosha. Kila ukirudi inaanza upya, inatafuta mtandao, inaomba kusasishwa, na mpira umeshaanza. Televisheni ya kawaida huwaka mara moja.

Intaneti nayo ina hesabu yake. Kwa takwimu za Netflix wenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hula hadi gigabaiti 1, saa moja ya HD hadi gigabaiti 3, na ya 4K gigabaiti 7. Nyumba inayotazama HD saa mbili kila usiku itakula hadi gigabaiti 180 kwa mwezi. Anayenunua vifurushi vya simu vya Vodacom, Airtel au Orange ajaribu kuipiga hesabu hiyo kwa faranga, kisha aiangalie tena ile televisheni ya 4K dukani. Starlink, iliyopigwa marufuku nchini Machi 2024 kisha ikapewa leseni na mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, Mei 2025, inaweza kubadilisha hesabu hiyo kwa hoteli, parokia, shule na wenye uwezo. Kwa walio wengi, filamu bado inasafiri ndani ya flashi: kijana mwenye kompyuta anaipakia, mteja analipa, jioni familia nzima inatazama bila kutumia hata megabaiti moja. Na mechi za timu ya taifa, Leopards? Dishi bado ndiye mfalme. Picha ya intaneti huchelewa sekunde nyingi nyuma ya setilaiti, kwa hiyo mwenye kisanduku atasikia jirani wa dekoda akishangilia bao wakati kwake mpira bado uko katikati ya uwanja.

Flashi hiyo inapaswa kuamua hata aina ya kifaa cha kununua. Vile vijiti vidogo vinavyoning'inia nyuma ya televisheni vinavutia, lakini vingi havina mahali pa kuchomeka flashi. Kisanduku kama Mi Box S cha Xiaomi kina tundu moja la USB. Tundu moja tu, lakini kwa Kamina lina maana kuliko 4K.

Pamoja na hayo, kuna visanduku ambavyo ni afadhali kukaa bila chochote kuliko kuviingiza nyumbani. Januari 2023 Mkanada Daniel Milisic alieleza jinsi alivyokuta programu hasidi ndani ya kisanduku cha T95 alichokinunua kwenye Amazon, ikiwa imewekwa kabla hajakifungua. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ikatangaza kwamba virusi vya Vo1d vimeingia kwenye visanduku takriban milioni 1.3 katika nchi 197. Juni 2025 FBI ikatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, na mwezi uliofuata Google ikawashtaki wahusika ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Vifaa hivyo hufanya kazi kwa siri: hubofya matangazo ya uongo na kuwapitishia wahalifu mawasiliano yao kupitia intaneti ya mwenye nyumba. Ulaya, ambako watu hulipa kwa mwezi na kutumia watakavyo, mwathirika anaweza asigundue kitu. Kamina, MB zinaisha usiku watu wamelala, na asubuhi kampuni ya simu ndiyo inayotukanwa.

Kisanduku kinachoahidi chaneli zote za dunia bure, au kinachomwomba mtumiaji azime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hasidi, kirudishwe dukani siku hiyohiyo.

Haki itendeke kwa televisheni janja pia. Ina rimoti moja, na bibi anayetaka kusikiliza kwaya hataki kujua HDMI 1 na HDMI 2 zinatofautiana vipi. Nyingi hupokea picha ya simu moja kwa moja kwa Miracast, bila intaneti kabisa, jambo ambalo Chromecast haifanyi. Tena inazidi kuwa vigumu kupata televisheni mpya isiyo janja, kwa hiyo wengine watainunua wapende wasipende. Si kosa, mradi bei yake iwe sawa na ya kawaida. Wajue tu kwamba nayo ina macho: mwaka 2017 Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 nchini Marekani kwa kurekodi yaliyotazamwa kwenye televisheni milioni 11 bila idhini ya wenyewe.

Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimu mtengenezaji wa kifaa kinachoungwa na intaneti atangaze kitaendelea kupokea masasisho ya usalama kwa muda gani angalau. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, inayokagua bidhaa zinazoingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ingeweza kudai jambo hilohilo: tarehe moja iandikwe kwenye boksi, kwa Kifaransa na Kiswahili. Haihitaji maabara, na mnunuzi wa Kamina angeisoma kama anavyosoma tarehe kwenye kopo la maziwa.

Kabla ya hapo, atakayekwenda dukani abebe flashi yake ikiwa na filamu mbili, moja ya zamani na moja iliyobanwa kwa H.265, ambayo televisheni nyingi za miaka iliyopita hushindwa kuifungua. Achomeke, atazame dakika tano, asikilize na sauti. Ikicheza bila kukwama, ndipo mazungumzo ya bei yaanze.