Fundi, Nionyeshe Ulivyopima

Maboi, tuongee ukweli. Siamini kwamba kila CDI inayotupwa hapa Lamu imekufa. Nyingine tunaziua kwa mdomo tu.

Mwezi uliopita tulikuwa Mkanda, tunatoka Faza, maji yanakupwa. Mashine ikazima, kimya. Ndani kuna mama anampeleka mtoto wake hospitali, mtoto anachemka homa. Ami yangu, mwenye boti, wiki hiyo hiyo alikuwa amelipa elfu kumi na kitu kubadilishiwa CDI. Akavuta kamba mpaka mkono ukafa ganzi. Mzee mmoja abiria, nahodha wa zamani, akafungua kifuniko, akachomoa waya wa swichi ya kuzimia. Mvuto wa pili, mashine ikashika. Waya ulikuwa umechubuka, unagusa chuma. Yaani mashine inaambiwa "zimika" muda wote, halafu CDI ndiyo inaonewa!

Hizi mashine za kuvuta kamba hazingoji betri. Sumaku ziko kwenye flaiwili, zinazunguka kando ya koili, umeme unatokea hapo hapo. Hiyo ndiyo magneto. Ford Model T ya 1908 ilikuwa na sumaku kwenye flaiwili vile vile. Si uchawi, ni kitu cha zaidi ya miaka 100, na kinapimika.

Kwanza, klipu ya usalama imekaa? Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na petroli, vuta kamba. Hakuna moto? Jaribu plagi nzima. Bado? Chomoa waya wa kuzimia. Moto ukirudi, mwizi umemshika: tengeneza waya, urudishe, maana bila huo nahodha akianguka majini boti inaenda zake. Moto usiporudi, ndipo ushike mita upime koili, utazame chumvi na kutu chini ya flaiwili. CDI iwe ya mwisho.

Fundi atasema wateja hatuna subira. Kweli, hatuna, na hilo ni kosa letu. Lakini kutazama moto ni spana ya plagi na dakika tano. Na wale wa "wewe umeacha chuo, unajua nini?" Niliacha, ndiyo. Moto wa plagi hauulizi digrii.

Ndege ndogo za pistoni mpaka leo zina magneto mbili, na rubani anazipima moja moja kabla ya kuruka. Sisi tunapakia watu, tunasema bismillahi, tunang'oa nanga. Bismillahi ni lazima, lakini hata ngamia tumeambiwa tumfunge kwanza.

Kwa hivyo fundi akikwambia "CDI imekufa", mwambie: nionyeshe ulivyopima. Hakuonyeshi? Usilipe. Yule mtoto alifika, alhamdulillah, lakini si kwa ile pesa ya ami.