Safari ya Marangu ilivyoniumbua!

Wiki hii nimeamua kujianika mwenyewe kabla sijaanikwa na wengine, maana mji wetu wa Moshi si mnaujua, ukikohoa Pasua, watu wa Majengo wanakuuliza kama umepona.

Chanzo cha yote ni dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, anayeishi Houston huko Marekani. Huyu dada hakauki barabarani. Mara yuko Dallas na kaka yake, wifi na watoto, mara New Orleans na mashoga zake, mara San Antonio na bwana'ake, na kila akienda lazima simu yangu iingie picha thelathini. Dallas wamesimama nje ya lile ghorofa ambalo Rais Kennedy alipigwa risasi kutoka humo mwaka 1963, siku hizi ghorofa ya sita ni makumbusho. New Orleans yeye na mashoga wamezunguka sinia la kamba, vidole vyekundu kwa pilipili. San Antonio ndiyo usiseme, wako kwenye mashua katikati ya mji, mto unapita chini ya madaraja, huku na huku watu wanakula, na dada kamwegemea jamaa utadhani kagandishwa na gundi.

Mama nilimwonyesha zile za Dallas. Akavaa miwani, akaziangalia, akaivua.

"Yaani mtu na watoto wake wanakaa kwenye gari saa nne kwenda kuona mahali alipouawa mtu? Hawana kwao?"

Sasa siku moja dada akaniandikia: "Na wewe mdogo wangu umetembea wapi? Au bado unaulinda Mlima usiibiwe?"

Bwana wee, nikaumia! Mimi na kidato changu cha nne nikachukua kalamu na karatasi. Kutoka Houston mpaka New Orleans ni kama kilomita 560. Unajua hiyo ni wapi? Moshi na Dar kabisa! Kumbe hata mimi nimetembea, sema hakuna aliyenipiga picha kwenye sinia.

Na familia nimekwenda Arusha. Ilikuwa Jumamosi, mdogo wangu kamaliza darasa la saba, mama kasema mtoto lazima aone mji mwingine. Kilomita kama 80 tu hizo, lakini mzigo tuliobeba ungetosha kuhamia: ndizi za kuchemsha, maandazi, chupa ya chai na mayai sita. Mama haamini chakula cha hoteli, anasema unalipia kiti. Tukaenda Makumbusho ya Azimio, lile jengo ambalo Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa humo na kupitisha Azimio la Arusha. Mama alisimama mbele ya picha za wazee wale kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Nikamchokoza, nikamwambia mama, mbona na wewe umepanda gari kuja kuona mahali watu walipokaa kikao? Akanijibu kwamba baba yake alikisikiliza kikao hicho redioni akiwa anachuma kahawa, basi huyo angalau anamhusu.

Kurudi sasa, tulipofika Tengeru mama akaona gulio, akaamrisha tushuke. Akanunua ndizi. Ndiyo, umesoma vizuri. Mtu wa Kilema, ambaye ukifungua dirisha la kwao mgomba unaingiza jani ndani, kashuka kwenye gari kununua ndizi Tengeru, eti bei nzuri! Tulisimama hadi Moshi na mikungu miguuni, mdogo wangu kapakata mmoja kama mtoto mchanga.

Na mashoga nimekwenda Dar, mwaka 2022, tulikuwa wasichana wanne. Tulikwenda kwa treni kwa sababu ilikuwa bado mpya machoni mwetu. Ile ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya kupotea zaidi ya miaka 20, hivyo kizazi chetu tulikuwa tunaona reli kama mahali pa kuanikia nguo. Tulicheka mpaka Same, tukasinzia, tukaamkia Korogwe usiku wa manane shingo zimepinda. Dar yenyewe unaijua: joto, mwendokasi, mihogo ya Coco, pantoni ya Kigamboni, tukajiona tumefika. Siku ya pili tukamwomba mwenzetu tuliyempa kazi ya uhasibu atoe hela ya nauli ya kurudi. Akaanza kulia. Kumbe mshiko kampa mshikaji wake Tabata "atarudisha jioni". Jioni ya siku gani, mpaka leo hatujaambiwa. Mama ndiye aliyenitumia nauli kwenye simu, na ujumbe mfupi: "Urudi kwanza, maneno yako utayakuta nyumbani."

Hayo tuyaache. Ninachotaka kukusimulia ni Marangu.

Nina laazizi wangu, nimewahi kumgusia humu. Ni fundi wa simu, yuko karibu na stendi, kijana wa Singida, mpole, hanywi, kasoro yake ni kwamba akifikiri kitu hasemi mpaka kiive. Tuna mwaka na miezi minne. Nyumbani kwetu hajulikani, yaani anajulikana kama "yule fundi". Basi baada ya picha za San Antonio nikamwambia, na sisi tutoke, tukaone maji yanapoanguka, tule nyama choma, turudi jioni. Tukapanga Marangu, maporomoko ya Kinukamori. Mama nikamwambia nina kikao cha sendi-ofu Himo. Nilijitetea moyoni kwamba si uongo kamili, maana Himo ni lazima uipite.

Tukapanda Koasta, tukakaa siti ya nyuma kabisa, tukagawana vipande viwili vya sikioni, yeye kimoja mimi kimoja, nikasema San Antonio ndiyo hii. Kufika Himo watu wakashuka, wengine wakapanda, na kati ya waliopanda, akaingia mama mkubwa!

Ndiyo, mama mkubwa mwenyewe, mama yake dada wa Houston. Kaolewa Marangu, alikuwa anatoka gulioni na kapu lake. Nikajaribu kuzama chini ya siti, lakini konda akamwita kwa sauti, "Mama njoo nyuma, kuna nafasi kwa huyo dada!" Huyo dada ndiyo mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda wapi?"

Kabla sijatunga, jamaa akatoa kile kitu sikioni, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba." Akamwangalia toka viatu mpaka nywele, akaurudisha uzi wa ile simu kwa macho kutoka sikio lake mpaka langu. "Wewe ni mtoto wa nani? Wa wapi?"

"Singida, mama."

"Aaa, Singida. Kuku wazuri." Akanyamaza kidogo, gari likaanza kupanda, upepo wa baridi ukaingia dirishani, migomba huku na huku. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa: "Sasa baba, umekuja kuona maji, au umekuja kuona kwetu?"

"Maji tu, mama."

Mpenzi msomaji, hilo neno "tu" nililisikia likianguka ndani ya gari kama sarafu. Mama mkubwa akatikisa kichwa taratibu, hakukasirika. Akanigeukia mimi, sauti ya chini.

"Mwenzako yule kanitumia picha yuko na kijana kwenye mashua. Nikamuuliza huyu ni mtoto wa nani, akaniambia mama, huku hatuulizani hivyo. Mwaka 2017 ndiyo mara ya mwisho nimemwona. Nina picha nyingi sana. Huyu wa kwako angalau nimemsikia sauti."

Tulipofika Marangu Mtoni akatulipia nauli wote watatu, nikaona aibu hadi kwenye kucha. Akasema tukimaliza kuona maji yetu tupite hapo hapo stendi, ataacha mzigo wa mama. Hapo nikajua kikao cha sendi-ofu kimekufa na kuzikwa.

Njia ya kwenda Kinukamori hatukuongea. Maji mazuri, sikatai, yanashuka kwenye jiwe jeusi mpaka shimoni, ukungu unakulowesha uso. Wenyeji husimulia habari ya msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa, akaja hapo juu ajirushe kwa kuogopa wakubwa wake, akaghairi, akageuka arudi nyumbani, akakutana na chui, akashtuka akaanguka. Ndiyo hadithi waliyotupa siku hiyo, siku ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria nitamwambia nini mama! Laazizi akataka kunipiga picha. Nikakataa.

"Nini sasa?"

"Maji tu."

"Maji tu nini?"

"Si ndivyo ulivyosema. Umekuja kuona maji tu. Mwaka na miezi minne, maji tu."

Akakaa kwenye jiwe. Nilivyokwambia, huyu kitu mpaka kiive. Watalii wawili wakapita, wakapiga picha, wakaondoka. Mimi nikaanza kuokota vijiti na kuvivunja. Ndipo akasema.

"Ningemjibu nini mama yako mkubwa? Ningesema nimekuja kuona kwenu, swali linalofuata ni nimekuja na nani na nimebeba nini. Nimekuja peke yangu, mfukoni nina nauli na hela ya nyama nusu kilo. Na hiyo nauli kanilipia yeye. Kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu, akiulizwa akasema ndiyo, kajivunjia heshima na kamvunjia binti wa watu."

Nikanyamaza. Yeye akaongeza, bila kucheka, "Hata Hans Meyer mwaka 1889 hakuja kwa Mangi Marealle mikono mitupu, na yeye alikuwa anataka mlima tu."

Hapo nilicheka mpaka nikakaa. Sikujua kama anamjua Marealle. Kumbe mtu wa Singida alikuwa anasoma mambo ya Uchaggani kimyakimya huko kwenye kibanda chake cha simu, na mimi nilidhani anaangalia mpira! Hasira haikuisha yote, nisikudanganye, maana angeweza kunieleza hayo kabla, tusingefika kwenye "tu". Lakini na mimi ningeweza kumweleza mama ukweli kabla ya kupanda gari, kwa hiyo ngoma droo. Nyama tukala nusu kilo kasoro, tukashuka Mtoni.

Mama mkubwa mwenyewe hakuwepo. Alikuwepo kijana wa bodaboda na mikungu miwili ya mshare, mizima, imefungwa kwa majani. "Huu wa mama yako," akaniambia. "Na huu kasema ni wa mgeni, asiondoke mikono mitupu."

Nikamwangalia laazizi. Akafuta uso kwa kiganja, akainama, akabeba mikungu yote miwili.

Jioni tukashuka Moshi, jua linazama, Kibo kimejifunua mzima kama kinatucheka. Nilimwambia aniachie huo wa mama, mimi nitajua la kufanya. Akakataa, akasema mzigo aliotumwa ataufikisha. Akatembea nao mpaka getini kwetu. Mama alikuwa ameshapigiwa simu, alikuwa nje, kajifunga kanga, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Shikamoo mama. Mzigo wako umetoka Marangu."

"Marahaba. Na huo mwingine?"

"Nimepewa mimi, mama."

Mama akauangalia mkungu, akamwangalia. "Unajua kupika mtori?"

"Hapana, mama."

"Sasa utaufanyia nini? Uache hapa."

Akauacha, akaaga, akaondoka mikono mitupu. Nikasubiri maneno yangu kama alivyoniahidi ile safari ya Dar. Hakuna. Mama alimalizia kufagia, akaingia ndani, akaniuliza kikao cha sendi-ofu kilichanga shilingi ngapi.

Usiku nikampigia dada wa Houston nikamsimulia yote, kuanzia konda mpaka ufagio. Alicheka sana, halafu akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akauliza mama yake alivaa nini ndani ya Koasta. Nikamwambia ile kitenge ya kijani aliyomtumia. Akauliza kama anakohoa bado. Nikamwambia hapana, ila anapanda ngazi za gari polepole. Akasema sawa, kuna kitu anapika, atanipigia.

Hajanipigia. Ila jana mama mkubwa kasema kapigiwa, na kaambiwa jina la yule kijana wa kwenye mashua, na la baba yake.

Kwetu ni hivi: Jumapili hii, saa saba mchana, fundi anakuja kula mtori wa mkungu wake. Mama kasema aje na mtu mzima mmoja. Laazizi ana mjomba wake Bomang'ombe, keshamwambia, na juzi nimemkuta kibandani anauliza bei ya kuku. Mimi nimepewa kazi ya kumenya ndizi, na kama umewahi kumenya mshare mbichi unajua utomvu wake, kwa hiyo safu ya wiki ijayo ukiona haisomeki vizuri, lawama zipeleke kwa mama.

Tukutane wiki ijayo!