Mpiga ngoma si mwenye ngoma: fedha ya muziki inaishia wapi?

WALIOKUWA na redio nyumbani miaka ya 1970 na 1980 hawahitaji kukumbushwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa kipofu, akipiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja, na mlio wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mkulima aliyekuwa shambani alijua saa kwa ngoma hizo. Ni vigumu kumtaja mpiga ngoma mwingine nchini aliyesikiwa na watu wengi kiasi hicho, siku baada ya siku, kwa miaka mingi.

Swali la kibiashara linalofuata ni jepesi kuuliza: mlio unaosikiwa na nchi nzima ni mali ya nani? Ya aliyepiga, ya aliyerekodi, au ya mwenye kituo? Kwa mpiga ngoma wa leo, awe wa dansi, wa taarabu, wa kanisani au wa unyago, jibu la swali hilo na la jingine linalofanana nalo, yaani ngoma yenyewe ni ya nani, ndilo linaloamua kama atakula kwa kazi yake au atabaki kusifiwa tu.

Tuanze na dansi, maana huko hesabu zinaonekana wazi. Bendi kubwa za nchi hii hazikuanza kama mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Magitaa, vipaza sauti na dramu vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake na koo lake, akapewa mshahara mwisho wa mwezi.

Mpango huo ulikuwa na faida zake. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mtu binafsi asingeweza kuagiza dramu kutoka Ulaya au Japani. Lakini ulijenga desturi ambayo haijatutoka: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwavuta wanamuziki kadhaa mashuhuri wa Mlimani Park. Waliohama walihama na vipaji vyao tu. Vyombo walivyovizoea walivikuta vimebaki kwa mwajiri wa zamani, na walikokwenda wakakuta vya mwajiri mpya.

Tufanye hesabu, ya mfano tu. Bendi inapiga Jumamosi kwenye baa. Kwa desturi mwenye baa huchukua mauzo ya vinywaji na bendi huchukua kiingilio. Mlangoni zimepatikana shilingi 600,000. Ondoa 150,000 za usafiri, mafuta ya jenereta na gari la matangazo, zinabaki 450,000. Mwenye vyombo akichukua nusu, yaani 225,000, nusu nyingine wanagawana watu 15. Kila mmoja anaondoka na shilingi 15,000 saa tisa za usiku, na bado hajapata pikipiki ya kumrudisha nyumbani. Mkulima anayelima kwa kukodi shamba la mtu anaijua hesabu hii hata kama hajawahi kuingia ukumbini.

Katika watu hao 15, mpiga dramu ndiye aliyebanwa kuliko wote. Mwimbaji hahitaji chombo. Mpiga gitaa anaweza kulibeba mgongoni, akafanyia mazoezi kitandani na kwenda kupiga kwa mwingine siku ya Jumatano. Seti ya dramu ni ngoma kubwa ya mguu, ngoma ndogo ya waya, tumba mbili tatu za juu, matoazi, vyuma vya kusimamishia na kiti, na yote hayo yanahitaji gari. Hawezi kufanya mazoezi chumba cha kupanga, majirani watamfukuza. Kwa hiyo anajifunzia kwenye vyombo vya wengine, saa za wengine. Ndiyo maana siku hizi wengi wao wametokea makanisani: huko dramu ipo, umeme upo, na kuna ibada kila wiki. Shule ni nzuri, ila inafundisha kazi isiyo na mshahara, na kijana akizoea kupiga bure humchukua muda kujua thamani yake.

Ujuzi wenyewe si mdogo. Mikono miwili na miguu miwili inafanya kazi nne tofauti, na bendi nzima inamtegemea yeye asikimbilie mbele wala asichelewe. Mpiga besi akikosea noti moja wachezaji hawagundui. Mpiga dramu akiteleza, ukumbi mzima unasimama. Katika chakacha na taarabu kazi hiyo imegawanywa kwa mikono ya watu wawili watatu, mmoja akishika mwendo na mwingine akipamba, na kila mmoja anaweza kumiliki ngoma yake mwenyewe.

Hapo ndipo ngoma za asili zinapoipita dramu kibiashara, ingawa watu wa mjini huzidharau. Kikundi cha mchiriku cha Dar es Salaam kinaweza kuanza na ngoma za kuwamba wenyewe, kinanda kidogo cha betri na vipaza sauti vilivyochakaa. Jagwa Music walikuwa na mpigaji aliyetumia vijiti viwili juu ya kigoda cha mbao, na kwa vyombo hivyohivyo walifika majukwaa ya Ulaya na kutoa albamu huko mwaka 2012. Mtaji mdogo, deni hakuna, na mali ni ya kikundi.

Udhaifu wa ngoma hizi ni soko lake kufuata mfuko wa mkulima. Kusini, korosho ikilipa vizuri, sherehe za jando na unyago zinakuwa nyingi na mpigaji anaitwa vijiji vitano kwa mwezi. Malipo ya korosho yakichelewa, ngoma zinabaki zimetundikwa ukutani. Mpigaji wa kijijini ana msimu kama alivyo na msimu anayemwalika, na anayesahau kulima kwa sababu alipata fedha mwaka jana hujuta mwaka huu.

Turudi kwenye mlio. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamtambua anayetumbuiza, si mtunzi peke yake. Kwa lugha nyepesi, mpiga ngoma aliyerekodiwa ana haki yake hata kama hakutunga wimbo. Tatizo ni kwamba haki hiyo hupotea studio, pale anapolipwa elfu chache mkononi bila karatasi yoyote. Wala haya si ya kwetu tu. Mmarekani Clyde Stubblefield alimpigia dramu James Brown katika “Funky Drummer”, wimbo uliorekodiwa mwaka 1969. Kipande cha sekunde chache cha upigaji wake kimenakiliwa katika nyimbo zaidi ya elfu moja za wengine, naye hakuwa ameandikwa kama mtunzi, hivyo fedha ya nyimbo hizo ilipita mbali naye hadi alipofariki mwaka 2017. Tony Allen wa Nigeria, mtu aliyeunda mwendo wa Afrobeat pamoja na Fela Kuti, aliondoka kwenye bendi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970, na malipo yalikuwa moja ya malalamiko yake. Siku hizi kompyuta imeongeza ugumu, kwa kuwa mtayarishaji wa singeli au Bongo Fleva anaweza kuchukua mlio wa ngoma uliorekodiwa zamani na kuurudia usiku kucha bila kumwita mpigaji.

Msomaji ambaye hajawahi kushika kijiti cha ngoma naye ana sehemu yake. Dramu za kiwandani ziliacha ngozi ya ndama baada ya ngozi za plastiki kuingia sokoni mwaka 1957, lakini ngoma zetu bado zinataka ngozi halisi na mti halisi. Burundi mti wa ngoma za kifalme huitwa umuvugangoma, yaani mti wa kuifanya ngoma iseme. Ni mti uleule ambao wakulima wa Kilimanjaro wanauita mringaringa na kuuacha usimame katikati ya migomba na kahawa kwa ajili ya kivuli. Uganda, mafundi wa Mpambire kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka wamejenga riziki kwa kuchonga na kuuza ngoma barabarani, na miongoni mwa miti inayochongwa nchini humo ni msizi. Huko Amani, Usambara, msizi huo ulioletwa wakati wa Wajerumani umesambaa msituni hadi wataalamu wanauona kero.

Fundi hununua gogo lisilo na ufa, hulichonga likiwa bichi, kisha hulikausha polepole kivulini. Likipigwa na jua linapasuka na fedha imekwenda. Kwa ngozi, ng'ombe ni kwa ngoma kubwa na mbuzi kwa ndogo zenye mlio mkali. Ngozi yenye tundu la kisu cha mchinjaji, kovu la kupe au chapa ya moto ubavuni haiwambiki, kwani itachanika hapohapo. Katika miaka ya karibuni wachinjaji wengi wametupa ngozi kwa kukosa wanunuzi wa viwanda. Soko la ngoma ni dogo, haliwezi kuzimaliza zote, ila ngozi safi iliyovutwa kwenye fremu na kuanikwa kivulini inaweza kupata bei kwa fundi hata pale kiwanda kinapoikataa. Kenge waachwe: ngozi yake imetumika kwenye ngoma nyembamba za Uganda, lakini hapa ni mnyamapori, na anayemuua bila kibali anatafuta kesi. Kuhusu miti, pita kwanza kwa ofisa misitu wa wilaya, hata kama mringaringa uko kwenye kihamba cha babu yako.

Burundi ilionyesha pia kwamba mwenye ngoma anaweza kuwa serikali. Ngoma zao za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Oktoba 2017 ikatoka amri ya rais iliyokataza wanawake kuzipiga na kuvitaka vikundi viwe na kibali cha wizara kwa maonyesho.

Jirani zao Rwanda, ambako desturi nayo ilikuwa imewanyima wanawake ngoma, walikwenda njia nyingine. Mwaka 2004 Odile Gakire Katese alianzisha kikundi cha wanawake wapigaji, Ingoma Nshya, mjini Butare, kikikutanisha manusura wa mauaji ya kimbari na wanawake wa upande wa pili. Mwaka 2010 wakaunda ushirika na kufungua duka la aiskrimu. Ngoma ziliwapa jina na umoja, duka likaleta biashara ya kila siku, isiyongoja mwaliko wala msimu.

Vikundi vyetu vingi vikipata fedha ya kwanza hununua sare. Sijui ni nani alitufundisha hivyo. Kikundi cha watu kumi wenye akiba kwenye VICOBA wangeweza kuanza na dramu moja iliyotumika na tumba mbili, wakazikodisha kwenye harusi siku ambazo wao hawapigi, na kuweka kwenye karatasi moja mambo matatu: vyombo ni vya nani, anayejitoa anaondoka na nini, na wimbo ukirekodiwa jina la mpigaji linaandikwa wapi. Karatasi hiyo haihitaji wakili. Inahitaji kuandikwa kabla ya shoo ya kwanza, wakati bado hakuna fedha ya kugombania.