Pampu Yapimwa, Injini Je?



Mizani ya muuza sukari hapa Mukuru kwa Reuben yatakiwa na sheria ikaguliwe, na pampu ya petroli vivyo hivyo. Lakini motokaa inywayo petroli hiyo, nani aipima?

Marekani, kwa sheria ya 1975, mwenye kiwanda hana budi kuipa Serikali hesabu: kila aina ya gari lake huenda maili ngapi kwa galoni moja. Hata hivyo hila hazikosi. Mwaka 2016 Mitsubishi wa Japani walikiri kudanganya hesabu kama hizo kwao. Ikiwa wakaguliwao hudanganya, asiyeulizwa neno atasema nini?

Kwetu magari mengi huja kuukuu kutoka Japani. Sheria huuliza umri, usizidi miaka 8. Mwenye matatu hununua asichokijua. Petroli ikipotea, hasara huitia katika nauli. Na mlipa nauli ni sisi. Asiye nayo hwenda kwa miguu mpaka Eneo la Viwanda.

Twadai hivi: kila mwagizaji wa gari aandike hesabu ya mafuta, Serikali iihakikishe, na karatasi ibandikwe kiooni. Lipelekeni jambo hili katika mikutano ya matawi. Kisichopimwa hulipwa na mnyonge.