Joginder Alishika Spana Kabla ya Usukani

Wenye Subaru, leo mtanisamehe, ama mnitukane tu, nimezoea. Maoni yangu ni haya: dereva wa rali mkubwa zaidi aliyewahi kutoka Kenya alikuwa fundi kwanza. Kukanyaga mafuta kulikuja baadaye. Na wewe ambaye kipaji chako chote ni kufanya ekzosi ilie kama bunduki saa nane usiku watu wakiwa wamelala, bado hujaanza hata kuikaribia hiyo kazi.

Namzungumzia Joginder Singh. Kama jina halikuambii kitu, uliza babu yako halafu uketi chini, juu hiyo hadithi itachukua jioni nzima. Mzee wangu mpaka leo akiona mtu anaovateki vibaya husema, "Huyu naye anajiona Joginder." Mimi nilikua nikidhani Joginder ni neno la Kiswahili la mtu mwenye fujo barabarani. Kumbe jamaa alikuwa kinyume kabisa na fujo.

Alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, familia ya Masingasinga, baba yake akiwa mtu wa gereji. Akakulia kwenye grisi. Kabla watu wamjue kama dereva, alifanya kazi ya kuzunguka barabarani akiwasaidia madereva waliokwama, kazi ya chama cha magari cha Afrika Mashariki cha wakati huo. Hebu fikiria hiyo kazi vizuri. Mtu ameharibikiwa na gari katikati ya pori, hakuna simu ya mkononi, hakuna duka la spea, na wewe ndiye unakuja na boksi la vifaa. Lazima ujue gari linakufa vipi, kwa sauti gani, likianzia wapi. Nikisikia watu wakisema "alizaliwa na kipaji" huwa nachoka. Kipaji gani? Huyo alikuwa ameona magari mengi yaliyokufa kuliko daktari wa hospitali ya wilaya na wagonjwa.

Sasa Safari yenyewe. Safari Rally ilianza mwaka wa 1953, na haikuwa kama hii tunayoenda kutazama Naivasha. Leo kuna steji zilizofungwa (si steji ya matatu, tulia), gari linapita mbio, watu wanahesabu sekunde. Zamani ilikuwa maelfu ya kilomita, siku kadhaa, mchana na usiku, kwenye barabara za kawaida zenye ng'ombe, malori na matope ya Pasaka. Ukichelewa kufika kituo cha muda, unapigwa pointi za adhabu kulingana na dakika ulizochelewa. Mwenye adhabu chache zaidi ndiye mshindi. Kwa hivyo swali kubwa halikuwa nani ana mbio. Lilikuwa nani atafika, na gari likiwa katika hali gani. Mwaka wa 1963, na tena 1968, ni magari 7 pekee yaliyomaliza. Saba, wasee. Mengine yote yalibaki kwenye mitaro.

Kwenye hiyo vita Joginder alishiriki mara 22. Akamaliza mara 19.

Hiyo ndiyo namba ninayotaka mtu ajichore nayo tattoo. Watu hutaja ushindi wake mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na ni sawa, ni heshima kubwa. Lakini kumaliza 19 kati ya 22, kwenye mashindano ambayo timu za kiwanda kutoka Ulaya zilikuwa zinakuja na pesa zote na kurudi na vyuma, hiyo si bahati. Huyo ni mtu anayesikia bearing ikianza kuimba na kuachilia mafuta kidogo kabla haijavunjika.

Na huo ushindi wa kwanza, 1965, ndio hunifurahisha zaidi. Nchi ina uhuru wa mwaka mmoja na miezi kidogo. Joginder na ndugu yake Jaswant wakaingia na Volvo PV544. Si gari jipya kutoka dukani. Lilikuwa limeshachapwa kwenye Safari ya mwaka uliotangulia, wao wakalichukua likiwa limetumika. Mtumba, kwa lugha yetu. Wakalishughulikia, wakaondoka wa kwanza kwenye foleni, na wakarudi washindi. Ndugu wawili wa gereji wakawapiga wenye viwanda. Halafu mwaka wa 1974 akafanya tena na Mitsubishi Lancer ndogo ya 1600, navigeta wake akiwa David Doig, na nyuma yake nafasi ya pili ikiwa Porsche ya Björn Waldegård. Nimeangalia picha za hiyo Lancer. Inakaa kama gari la mwalimu mkuu.

Najua utaniambia hiyo ni historia ya wazee, siku hizi mambo ni tofauti. Ni tofauti kiasi. Rali iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kutolewa 2002, ni nini kilitokea? Thierry Neuville aliamka Jumapili asubuhi akiwa anaongoza. Shoki ya nyuma ikamwangusha kwenye steji ya Loldia, mchezo ukaisha. Sébastien Ogier, ambaye naye alikuwa amepata shida ya shoki Ijumaa na kupoteza muda mwingi, akaendelea kukusanya sekunde polepole, akashinda. Miaka zaidi ya hamsini baada ya ile Volvo, na bado Safari inauliza swali lile lile.

Kitu kingine ambacho kamera huwa hazionyeshi sana. Kwenye rali ya dunia gari likipata shida mbali na sehemu ya matengenezo, mafundi hawaruhusiwi kuligusa. Ni dereva na navigeta pekee, na vifaa walivyobeba ndani ya gari. Kwa hivyo bingwa wa dunia, mtu unayemwona kwenye mabango, unaweza kumkuta kando ya barabara akiwa chini ya gari, mgongo kwenye vumbi, anafunga kitu na waya ili afike. Usipojua spana, hata ukiwa na mbio za kimataifa, umeenda nyumbani.

Na sasa narudi kwenu wa Subaru, maana nina habari nzuri na mbaya. Nzuri: mna shujaa wenu halisi, na ni Mkenya. Anaitwa Patrick Njiru. Mwaka wa 1993 Subaru walileta Safari kigari kinaitwa Vivio, injini ya chini ya sisi 700. Pikipiki kubwa zina injini inayozidi hiyo. Mojawapo alipewa Colin McRae, kijana wa Scotland aliyekuwa na kasi ya kutisha, na akaenda kwa kasi hiyo ya kutisha mpaka gari likakataa. Njiru akaendesha Vivio yake mpaka mwisho, nafasi ya 12 kwa jumla. Mwaka uliofuata, na Impreza, akamaliza wa 4, nyuma ya Ian Duncan aliyeshinda, naye Mkenya. Sasa habari mbaya: Njiru hakupata hizo nafasi kwa kuwashtua watu kwenye taa za barabarani. Alizipata kwa kufika.

McRae, msinielewe vibaya, nampenda. Alirudi akashinda Safari mara tatu baadaye, hivyo naye alijifunza. Lakini sisi tulichukua sehemu yake ya kwanza tu, ile ya kukanyaga, tukaacha ile ya kujifunza.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Kuna jamaa tulisoma naye sekondari, sitamtaja, familia yake bado inaumia. Alikuwa na Impreza ya kaka yake na barabara ya bypass ikiwa wazi usiku. Tulimzika Jumamosi. Kila mtu aliyeshika maikrofoni pale alisema "alipenda magari". Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nikijiuliza, alipenda magari ama alipenda kuonekana ndani yake? Breki za hiyo Impreza zilikuwa zimelia wiki mbili. Kila mtu alizisikia. Mtu anayependa magari angezifungua.

Ndio maana hili jambo si la utani kwangu. Tumeuziwa picha kwamba kazi ya dereva wa mbio ni ujasiri. Ukiwa na moyo mgumu na mguu mzito, umefika. Matokeo yake tuko na vijana wengi wenye moyo mgumu makaburini, na wachache sana kwenye orodha ya wanaoanza rali.

Haya, pesa. Lazima tuongee pesa, juu bila hiyo ningekuwa nawadanganya. Rali ni mchezo wa gharama, na spana pekee haitakufikisha kwenye ubingwa wa dunia. Madereva wetu wengi wana biashara ama mashamba, na rali ndiyo inakula hizo faida. McRae Kimathi, ambaye jina lake linakuambia baba yake alikuwa shabiki wa nani, alifika hadi theluji ya Sweden mwaka wa 2022 kwenye ubingwa wa dunia wa vijana. Baba yake mwenyewe alikuwa dereva wa rali, na kulikuwa na wadhamini. Simchukii kwa hilo. Mtoto wa Kenya kwenye theluji, mimi nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Ila mtoto wa Kayole hana baba wa rali, na hatuna ngazi ya kumpandisha. Tuna siku nne za sherehe, nyama choma, foleni ya kurudi Nairobi, kisha kimya hadi mwaka ujao.

Ningekuwa na sauti kwa hao wanaopanga rali, ningeomba kitu kimoja tu. Wanafunzi wa ufundi wa magari kwenye vyuo vyetu vya kiufundi waingizwe kwenye zile timu za matengenezo, wapewe ovaroli, washike nati. Wageni wanakuja na magari ya ajabu hadi Naivasha, tunayaangalia yakiruka mara moja kwa sekunde tatu, tunapiga video, tunaenda. Ule ujuzi wa kulifungua gari na kulirudisha barabarani kwa dakika chache unapanda ndege na wenyewe Jumatatu.

Kuna kijana wa miaka 18 aliniandikia inboksi mwezi uliopita. Anataka kuwa dereva wa rali, mamake anataka asomee uhasibu, na mimi nitoe hukumu. Kwanza, mama asikilizwe, uhasibu unalipa, na rali inahitaji mtu anayejua hesabu ya matairi. Lakini nikamwambia pia kwamba mlango wa bei nafuu kuliko yote kwenye huu mchezo ni kiti cha kushoto, cha navigeta. Gari si lako, injini si yako, kazi yako ni kusoma noti bila kutapika na kujua dakika zimekwisha ngapi. Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara 5, manne mfululizo kati ya 1979 na 1982, alikuwa na Mike Doughty kando yake kwenye hiyo minne. Hakuna anayeuliza Doughty alikuwa na gari gani.

Na Mehta mwenyewe, by the way ya haraka: alizaliwa Uganda, familia yake ikatimuliwa na Idi Amin mwaka wa 1972, na mwaka uliofuata akashinda Safari yake ya kwanza akiwa amelingana pointi kabisa na Harry Källström wa Sweden. Ikabidi watafute kanuni ya kuwatenganisha. Siku nyingi za matope, na watu wawili wamelingana. Ukitaka kujua kama dakika moja ya kufunga nati vizuri ina maana, hapo.

Mlango wa pili niliomwambia ni gereji. Mtaani kwao kuna fundi wa magari ya rali, si mkubwa, anatengeneza yale yanayoshiriki mbio za hapa nyumbani. Aende asubuhi, asiende na simu ya kurekodi, aombe kufagia. Afagie mpaka wamzoee. Siku moja mtu atakosa mkono wa kushika tochi.

Akanijibu baada ya siku tatu. Alikuwa ameenda. Swali lake lilikuwa moja tu: huko gereji wanalipa ngapi? Nikamwambia ukweli: miezi ya kwanza ni chai, chapati na nauli, na nauli pia si kila siku.